Ndevu za miparachichi si ukoma wa miti

Swali: Shikamoo mwalimu. Ninalima Rungwe, juu kidogo ya Tukuyu. Nina miparachichi 64 ya Hass yenye umri wa miaka saba, na pembeni kuna mibuni aliyoniachia marehemu baba. Mashina yamejaa magamba ya kijivu na meupe, na matawi ya juu yameota ndevu za kijani. Tangu masika yaliyopita naona hata majani ya chini yana vidoa vyeupe vya mviringo, kama matone ya chokaa. Jirani anasema huo ni ukoma wa miti, unanyonya mpaka mti unakauka. Na kweli miti yangu miwili ya bondeni, yenye ndevu nyingi kuliko yote, inakauka. Dukani nimeuziwa kopa, ile dawa ya kuvu yenye shaba, na kijana wa kazi ameshanunua brashi ya waya. Nianze na kipi?

Jibu: Marahaba, mwanangu. Anza kwa kumwambia huyo kijana aiweke brashi kando, na hiyo kopa ibaki kwenye pakiti yake kwanza. Katika swali lako kuna mambo mawili yaliyofungwa furushi moja. La kwanza ni ndevu na magamba, ambayo hayaudhuru mti wala hayauambukizi kitu. La pili ni ile miti miwili ya bondeni, ambayo inakufa kweli, na hiyo ndiyo iliyonifanya nikujibu leo hii. Kila siku utakayoimaliza ukikwangua ndevu ni siku umempa muuaji halisi, na yeye hakai kwenye shina. Nitaanza na ndevu, maana usipozielewa hutaniamini nitakapokupeleka kwenye mizizi.

Unachokiona kinaitwa likeni. Si mmea, si ugonjwa, wala si ule uoto mfupi laini wa kijani unaotanda kama zulia kwenye mawe ya mtoni. Likeni ni kuvu na mwani wanaoishi nyumba moja. Kuvu ndiye mwenye nyumba: nyuzi zake ndizo kuta, dari na sakafu, na ndizo zinazoshika maji. Mwani ndiye mpishi. Ni wa chembe ndogo mno usizoweza kuziona kwa macho, wa ukoo mmoja na kile kijani kinachoota ndani ya pipa la maji ya mvua, na umejipanga katika tabaka moja jembamba chini ya dari ya ile nyumba. Hapo unapata mwanga, unatengeneza sukari, na sukari hiyo inalisha wote. Mtaalamu wa mimea kutoka Uswisi, Simon Schwendener, alilitangaza jambo hili mwaka 1867, na wakubwa wa taaluma hiyo walimpinga kwa miaka mingi. Hawakutaka kusikia kwamba kitu walichokipa jina moja ni viumbe wawili. Mwaka 2016 watafiti wakaonyesha kwamba katika likeni nyingi yumo na wa tatu, hamira ya ukoo mwingine wa kuvu, aliyejificha kwenye ngozi ya nje. Nyumba ina wapangaji wengi kuliko tulivyodhani.

Sasa hoja ya jirani yako, kwamba vitu hivi vinanyonya. Likeni haina mizizi. Ina vinyuzi vifupi vya kujishikiza tu, na vinaishia kwenye gome la nje, ambalo ni chembe zilizokwisha kufa. Chakula cha mti kinapita ndani zaidi, chini ya gome, mahali ambapo vinyuzi hivyo havifiki. Likeni inaishi kwa mvua, ukungu, mwanga na vumbi linaloletwa na upepo. Kama bado una shaka, nenda kwenye makaburi ya zamani ya kijijini kwenu, yale yaliyojengwa kwa saruji, ukaangalie. Utakuta magamba ya kijivu, meupe na ya manjano, ndugu wa hayo yaliyo kwenye miparachichi yako. Kaburi lina utomvu gani wa kunyonywa?

Ukitaka kuzifahamu likeni zako, chukua chupa ya kupulizia maji na uende shambani mchana wa jua kali, wakati kila kitu kimekauka. Chagua gamba la kijivu, lipulizie, kisha subiri dakika mbili tatu. Litageuka kijani mbele ya macho yako. Ngozi yake ya juu ikiwa kavu huwa kama kioo chenye vumbi, na ikilowa inaruhusu mwanga kupita, ndipo unapouona ule mwani ulio chini yake. Muda huo huo mpishi ameshawasha jiko. Likeni ikikauka inasimamisha kila kitu bila kufa, na ikipata maji inaamka. Mwaka 2005 wanasayansi wa Ulaya walizituma likeni za aina mbili angani kwa chombo, zikakaa nje kabisa, bila hewa na katika mionzi ya jua isiyochujwa, kwa takribani wiki mbili. Ziliporudishwa duniani zikaendelea kuishi. Nakutajia hilo ili ujue kwamba kiangazi chenu kifupi cha Tukuyu hakiwezi kuzimaliza, na brashi ya kijana wako haiwezi pia.

Za kwenye shina ziko za sura tatu, na nina hakika unazo zote. Kuna zile zilizoganda kama rangi iliyopakwa, huwezi kuzing'oa bila kutoka na gome. Katika hizo angalia yenye mistari myeusi iliyopindapinda juu ya uso mweupe, utadhani mtu ameandika herufi za Kiarabu kwa wino. Hiyo inaitwa Graphis, na mistari ile ndimo zinamotoka mbegu za vumbi za kuvu. Kuna za pili, zenye umbo la jani lililokunjamana, kijivu juu na nyeusi chini, unaweza kuinua ukingo wake kwa ukucha. Tatu ni ndevu zenyewe, Usnea. Chukua uzi mmoja wa ndevu ukiwa umelowa, ushike ncha mbili na uvute taratibu. Ganda la nje litakatika na ndani utaona kamba nyeupe inayonyumbuka kama mpira. Likeni nyingine zenye ndevu hazina kamba hiyo. Watoto wa shule hupenda sana jaribio hili, na mimi bado nalipenda.

Kama kwenye mibuni ya marehemu baba, hasa upande wa kivuli, kuna kitu cheusi ambacho mvua ikinyesha kinavimba na kuteleza kama jeli, nacho usikitoe. Hizo ni likeni ambazo mpishi wake si mwani wa kijani bali ni bakteria wanaoweza kuikamata naitrojeni ya hewani. Zikianguka na kuoza chini ya mbuni, naitrojeni hiyo inaingia udongoni. Si nyingi kama ya mfuko wa mbolea, lakini inakuja bila wewe kulipa.

Na usishtuke ukikuta gome au nguzo ya uzio imepakwa unga wa rangi ya chungwa. Wengi huniletea picha zake wakisema ni kutu. Huo ni mwani unaoishi peke yake, Trentepohlia, na rangi hiyo ya chungwa inatokana na kemikali ya aina ile inayoipa karoti rangi yake. Unapenda sana milima yenye ukungu. Hauli mti wala hauli nguzo.

Tuje kwenye jambo linalowapoteza wakulima wengi, wenye akili timamu kabisa. Unaona mti wenye ndevu chache una afya. Unaona mti wenye ndevu nyingi unakauka. Ni kawaida mtu kusema ndevu zimeukausha. Lakini fikiria mambo yanavyofuatana. Mti wenye nguvu una majani mengi, shina na matawi yake yamo gizani. Mti uliodhoofika huangusha majani, jua linaingia mpaka kwenye matawi ya ndani, na likeni, ambayo siku zote ilikuwepo kidogo kidogo ikisubiri mwanga, inapata nafasi yake. Halafu tawi lililoacha kukua gome lake linatulia, halitanuki, na kiumbe anayekua polepole anapata muda wa kutosha. Nayo inakua polepole kweli: nyingi za zile zilizoganda hazifikishi milimita moja kwa mwaka, na za umbo la jani huongeza milimita chache tu katika mazingira ya kawaida. Kwa hiyo ndevu nyingi kwenye miti yako ya bondeni zimekuja baada ya ugonjwa. Zinakuonyesha kwamba mti huo umekuwa ukipoteza majani kwa muda mrefu kabla wewe hujagundua.

Ndiyo maana pia utaona tofauti kati ya miti ambayo haiumwi kabisa. Mlingoti hauna likeni nyingi kwa sababu kila mara unajichuna gome, na mpera ni hivyo hivyo. Mpangaji anahamia leo, kesho nyumba inabomolewa. Mgrivea unaotoa kivuli kwenye mibuni una gome linalokaa, nao hufunikwa toka chini hadi juu, na bado unasimama miaka na miaka.

Kuhusu kukwangua, nina kidonda changu mwenyewe. Nilipokuwa mwanafunzi nilirudi likizo nyumbani Mufindi, nikamwona babu na mpichesi wake wa uani umejaa magamba. Nilitaka kumfurahisha. Nilichukua brashi ya chuma nikausugua mti mzima mpaka ukawa safi, unang'aa. Mwezi uliofuata ulianza kutoa gundi kila mahali nilipouchubua, na mwaka uliofuata tawi lake kubwa lilikufa. Babu hakunilaumu, lakini mpichesi ule ulikuwa umepandwa na bibi. Gome la mti ni ngozi yake. Ukilichubua unafungua milango ya magonjwa ambayo likeni isingeweza kamwe kuyaingiza. Na magamba? Yalirudi.

Sasa majani. Hapa sitakujibu kwa urahisi kama kwenye shina, kwa sababu kwenye majani kuna kisa kingine.

Likeni zinazoishi juu ya majani mabichi ni za kwetu sisi watu wa nchi za joto na mvua. Katika nchi za baridi majani huanguka kila mwaka kabla ya kiumbe kama huyu kupata maisha. Huku misitu ina majani yanayokaa mwaka, miwili, hata zaidi, na hewa imejaa unyevu, hivyo zimejitokeza aina zinazokua haraka, zikazaa na kusambaa kabla jani halijaanguka. Dunia nzima zinajulikana spishi zaidi ya 800 za aina hii, na huko Costa Rica jani moja tu limewahi kukutwa na spishi zaidi ya 40. Nyingine huotesha juu ya jani vijimti vidogo kama miavuli, vyembamba kuliko unywele, na matone ya mvua yakigonga hapo yanabeba vipande vya kuvu na mwani pamoja mpaka jani jingine. Raia wa Sweden, Rolf Santesson, aliandika mwaka 1952 kitabu kikubwa kilichoweka utaratibu katika elimu hii, na mpaka leo tunaanzia kwake. Mimi huwa nakaa na jani moja la msituni chini ya lenzi, saa mbili zinapita sijaona.

Karibu zote hizi hukaa juu ya ule utando wa nta unaofunika jani, haziingii ndani. Zikilifunika jani sana zinapunguza mwanga kidogo, basi. Zinakaa upande wa juu wa jani, kwenye majani ya zamani, ya chini, yenye kivuli na unyevu. Jani la mparachichi huishi takribani mwaka mmoja, likianguka likeni inaondoka nalo. Majani machanga yanayokulishia maua na matunda utayakuta safi.

Lakini ipo jamii moja, Strigula, ambayo ndiyo ninayoihisi katika maelezo yako ya matone ya chokaa. Vidoa vyake ni vya mviringo, vyeupe au vya kijivu chenye kijani, na mara nyingi vina nukta nyeusi katikati kama zilizochomwa kwa ncha ya kalamu. Yenyewe inaishi chini ya utando wa nta, kati ya nta na ngozi ya jani. Sababu ni mpishi wake. Strigula imemchukua mwani uitwao Cephaleuros, na mwani huo una tabia mbaya hata ukiwa peke yake bila kuvu: huingia chini ya nta na kufanya madoa ya rangi ya chungwa, yenye vinywele kama mahameli, kwenye majani ya parachichi, kahawa, embe, pera na chai. Wakulima wa chai wanamjua ndugu yake kwa jina la kutu nyekundu, na huko hushambulia hata vijiti, hasa kwenye mti uliokwisha kuchoka kwa njaa ya mbolea au kwa maji kutuama. Kuvu akimchukua mwani huu akawa likeni, kwa kawaida vile vinywele vya chungwa vinakoma, na doa linakuwa jeupe na tulivu. Kwa hiyo kidoa cheupe ni afadhali kuliko cha chungwa, ila vyote viwili vinakuambia jambo moja: majani ya chini ya shamba lako yanakaa na maji muda mrefu mno.

Jipime hivi, huhitaji maabara. Chuma majani kumi ya chini yenye vidoa. Lowesha kidole gumba na usugue kidoa, kisha jaribu kukiinua kwa ncha ya wembe. Kikitoka na kuacha jani kijani na zima chini yake, ni likeni ya juu ya nta; isahau. Kisipotoka mpaka ngozi ya jani ichanike, ni Strigula. Kikiwa cha chungwa, kimeinuka, kina mahameli, ni Cephaleuros mwenyewe. Weusi unaofutika kama masizi ya chungu si likeni wala mwani, ni ukungu unaoota juu ya mkojo mtamu wa wadudu, basi geuza majani utafute vidugamba na vidukari. Na vidugamba wenyewe, wale waliojibandika kwenye kijiti kama magamba madogo ya samaki, wanamdanganya mtu kirahisi: mkandamize mmoja kwa ukucha, akitoa maji ni mdudu. Kwenye mibuni geuza kila jani. Unga wa chungwa upande wa chini, unaobaki kidoleni, ukiwa na doa la njano upande wa juu, hiyo ni kutu ya majani ya kahawa, ugonjwa halisi unaohitaji hatua zake, na wataalamu wa kahawa wa Mbimba kule Mbozi ndio wa kuwauliza.

Basi, kopa. Kopa inaua mwani na kuvu, hilo ni kweli, na ukipulizia likeni zako zitakauka. Hata mrututu wa zamani ulifanya hivyo. Swali langu ni unaua nini na kwa gharama gani. Shaba haiozi. Inabaki kwenye udongo wa juu, mwaka hadi mwaka inajilimbikiza, na nyungunyungu, ambao ndio wanaokulimia shamba bure, hawaipendi kabisa. Udongo wenu wa volkano ni zawadi ambayo wakulima wa sehemu nyingine wangeililia. Kama jaribio la wembe litaonyesha madoa ya chungwa kwenye sehemu kubwa ya majani, na siyo ya chini peke yake, hapo nitakubaliana nawe kupulizia kopa mara moja au mbili mwanzoni mwa mvua, kwa kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti na kwa kuzingatia siku za kusubiri kabla ya kuvuna. Kwa vidoa vyeupe vya majani ya chini, hapana. Pogoa matawi yanayogusa ardhi na yanayoingiliana kati ya mti na mti, ondoa magugu marefu chini yake, upepo upite, majani yakauke mapema baada ya mvua. Tukuyu inapata mvua zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka; hewa inayotembea ndiyo dawa yenu ya kwanza. Ukishapogoa, mwanga utaingia na ndevu za kwenye mashina zinaweza hata kuongezeka kidogo. Ziache.

Kabla sijashuka bondeni, neno juu ya ndevu zenyewe, kwa sababu najua siku hizi kuna watu wanaozikausha na kuziuza kama dawa ya kupunguza mwili au ya kifua. Ndani ya Usnea kuna asidi ya usiniki, ambayo kweli inazuia bakteria fulani zikiwa maabara. Lakini mwaka 2001 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani iliwaonya watu waache kidonge kimoja cha kupunguza uzito chenye asidi hiyo, baada ya watumiaji kuharibika ini. Tafadhali asikuuzie mtu chai ya ndevu.

Kama unataka faida yake, ipo nyingine, na kila aliyesoma kemia sekondari ameishika mkononi. Karatasi ya litmasi, ile inayogeuka nyekundu kwenye asidi na bluu kwenye besi, rangi yake asili ilitoka kwenye likeni. Katika karne ya 19 Zanzibar ilikuwa ikisafirisha kwenda Ulaya likeni za jamii ya Roccella, zilizochumwa kwenye miti na vichaka vya pwani, kwa ajili ya kutengeneza rangi ya zambarau ya nguo. Zenu za milimani si hizo, lakini ni ukoo mkubwa huo huo wa viumbe tunaowapita kila siku.

Na ukipanda msitu wa Mlima Rungwe ukaona matawi yamening'inia ndevu urefu wa mkono, simama kidogo. Ukungu ukipita hapo unanaswa, unadondoka tone kwa tone mpaka chini, hata siku ambayo mvua haijanyesha, na maji ya milima hiyo ndiyo yanayoteremka hadi Ziwa Nyasa kwa mito kama Kiwira na Mbaka. Humo yumo kipunji, kima ambaye wanasayansi walimwona mara ya kwanza mwaka 2003 ingawa wawindaji wa kwenu walikuwa na jina lake siku zote. Naye hula likeni pamoja na majani, matunda na magome. Kuna na ndege mdogo wa rangi ya kahawia mwenye mkia mrefu unaopepea, anayejenga kiota chake cha umbo la kikombe kwa nyuzi za buibui na kukipamba kwa vipande vya likeni ili kifanane na tawi. Huenda anazichukua kwenye miparachichi yako. Likeni haina ngozi ya nta kama majani, inameza chochote kilicho hewani, na ndiyo maana hewa chafu ya viwandani huiua mapema. Tangu mwaka 1866 mtaalamu William Nylander aliona kwamba zimetoweka sehemu nyingi za Paris na zimebaki kwenye bustani moja. Ndevu shambani kwako zina maana kwamba wanao wanavuta hewa safi.

Sasa hiyo miti miwili. Umesema iko bondeni, umesema inakauka. Hukusema majani yake yako vipi, lakini nitakisia na wewe unisahihishe: majani madogo kuliko ya wenzake, ya kijani kilichofifia, yananing'inia hata asubuhi, ncha za matawi ya juu zimebaki vijiti, na matunda ni mengi lakini madogo. Kama ndivyo, chimba kwa mkono au kijembe kidogo, nusu mita kutoka shinani, kina cha kiganja tu, kwa sababu mizizi inayolisha mparachichi iko karibu na uso wa udongo. Mizizi mizima ni myeupe au ya njano hafifu. Ukikuta ni myeusi, inavunjika kama kijiti cha kiberiti, au hakuna mizizi midogo kabisa, huo ni ugonjwa wa kuoza mizizi, unaosababishwa na Phytophthora, kijidudu cha udongoni kinachofanana na kuvu. Mbegu zake zinaogelea kwenye maji ya udongo. Kwenye bonde linalotuama maji zinaogelea zitakavyo, na hakuna kopa ya kupulizia kwenye majani itakayozifikia.

Chimba mfereji wa kuyatoa maji hapo juu ya miti hiyo kabla ya mvua za Novemba, yasiyapitie tena mashina. Weka matandazo mazito, ya vipande vya matawi na majani makavu, upana wote wa kivuli cha mti lakini mbali na shina kwa kiganja kimoja. Usilime kwa jembe chini yake. Jembe na mabuti yaliyotumika bondeni yaoshwe udongo wote kabla ya kupanda nayo kwenye ile mingine 62, na kazi ya siku ianzie juu iishie chini, kamwe isiwe kinyume. Zipo dawa za fosfonati zinazosaidia mti usiochoka sana, ila kipimo chake uelekezwe na mtu aliyeuona mti. Ukipanda tena pale, panda juu ya tuta, na mche uwe umebebeshwa kwenye shina-mzizi linalovumilia ugonjwa huu.

Leo au kesho funga kiganja kimoja cha mizizi hiyo na udongo wake kwenye mfuko wa plastiki ili isikauke, na yale majani kumi yafunge kwenye gazeti, siyo plastiki, yasije yakaoza njiani. Peleka vyote kituo cha utafiti cha Uyole, uwaeleze kwamba ni miti miwili ya bondeni kati ya 64. Ya mizizi uwaombe waiangalie kwanza.